Tanga la Fundi wa Tenti

Sauti ninayoikumbuka vizuri kuliko zote ni ya kitambaa kikipigwa na upepo kabla hakijashiba. Pata-pata-pata, kama mama anayekung'uta blanketi bichi kwenye kamba ya nguo, halafu ghafla kimya. Kimya hicho ndicho Fundi alikuwa anakingojea. Kitambaa kikinyamaza, boti inaanza kwenda, naye anatoa pumzi ndefu kama mtu aliyetua debe la maji baada ya kulibeba kutoka mbali. Hakucheka wala kuimba. Alipumua tu. Mimi ni mtu wa kucheka ovyo, kwa hivyo mwanzoni nilidhani hafurahii. Nilichelewa kuelewa kwamba mtu aliyechoka anafurahi hivyo.

Wote tulimwita Fundi, hata wajukuu wake. Kazi yake ilikuwa kushona na kutia viraka tenti, zile nyeupe kubwa za kukodisha wakati wa harusi na mazishi, na kwetu ni mazishi zaidi. Aliishi nje kidogo ya Kamukuywa, kwenye njia inayoteremka hadi bwawa la zamani lililochimbwa na mzungu mmoja wa ng'ombe wa maziwa. Mzungu alienda, ng'ombe wakaenda, bwawa likabaki. Kwetu ni juu tu ya njia hiyo. Nilimfahamu tangu nikiwa mtoto wa kutumwa kununua chumvi, na hata nilipoacha shule kidato cha pili na kwenda Kitale kusuka nywele, kila Jumatatu saluni ikifungwa nilikuwa narudi nyumbani, namsalimia mama, kisha nateremka kwa Fundi.

Ningetaka niseme alikuwa mama mpole, lakini hapana. Alikuwa na uso wa mtu anayehesabu pini mdomoni, hata wakati hakuna pini. Ukimwuliza habari ya asubuhi, anakujibu, "Si unaiona." Ukimletea tenti iliyochanika kwa uzembe anaigeuzageuza, anakuuliza kama mlikuwa mnazika mtu au mnapigana na simba. Lakini kama umekuja na njaa utajua umekula tu ukiona sahani tupu mbele yako, kwa sababu hakukuuliza. Alikuwa ananiita "mayi", jinsi wazee wa kwetu wanavyowaita wasichana, yaani mama. Akiniita hivyo hata kwa hasira, moyo wangu ulikuwa unayeyuka kabisa.

Watu wakisikia boti ya tanga wanafikiria watu wa pesa, miwani nyeusi na soda baridi. Boti ya Fundi ilitengenezwa na fundi wa majeneza kutoka Misikhu, ambaye alikuwa amekosa kazi ya mbao nzuri kwa sababu watu siku hizi wanataka jeneza la bei ya chini, linaloundwa haraka. Walikubaliana: yeye aunge mbao, Fundi amshonee vitambaa vya ndani vya majeneza. Inasemekana alipomaliza alizunguka ile boti mara kadhaa, akasema hajawahi kutengeneza kitu cha kubeba mtu aliye hai, na kama kutakuwa na shida asilaumiwe.

Kanuni ya Fundi ilikuwa moja: kitu cha boti hakinunuliwi. Mlingoti ulikuwa mti wa mkalatusi kutoka kwa ua wake mwenyewe, ule mwembamba uliokosa kuwa nguzo. Mti wa chini wa tanga ulikuwa mwanzi ulioteremshwa na jamaa wa milimani aliyekuja kuuza viazi. Usukani ulikuwa mlango wa kabati lililotupwa na shule fulani. Kamba zilikuwa mabaki ya kamba za tenti, fupifupi, na hapo ndipo mimi nilipata kazi, maana aliniambia, "Wewe si unasukanga watu vichwa? Suka hii." Nikazisuka tatu kwa tatu kama nywele za mtoto wa shule, zikawa kamba moja ndefu, na hazijawahi kukatika. Jaketi za kujiokoa alizishona kwa magunia ya mbolea, akazijaza chupa za soda zilizofungwa vifuniko. Ukivaa unafanya kelele kama mkokoteni, lakini unaelea.

Na tanga lenyewe lilikuwa kipande cha tenti kuukuu, ubavu mzima wenye maandishi ya bluu yaliyofifia ya kikundi fulani cha akina mama ambacho kilivunjika zamani. Alilikata kwa macho, akalishona kwa ule uzi mnene wa tenti, na ndio hilo.

Petroli ilipopanda, watu wakiwa kwa duka wanalia, alikuwa anasema, "Mimi inanihusu nini? Upepo hawajaweka ushuru." Kisha anakaa kidogo. "Bado."

Alijifunza wapi? Siku za nyuma alikuwa yaya wa familia moja Kisumu, karibu na ziwa, watu waliokuwa wanashindana na boti ndogondogo kila wikendi. Kazi yake ilikuwa kukaa ukingoni na watoto na thamosi ya chai. Siku moja upepo ulikuwa mkali na bwana wa nyumba alikosa mwenzake, akamwambia mama huyu aingie, akae upande huu, na akiambiwa ahame, ahame. "Niliwekwa ndani kama gunia," aliniambia. "Kazi yangu ilikuwa uzito." Lakini gunia hilo lilikuwa na macho. Aliporudi nyumbani na sanduku lake, alirudi na ujuzi huo pia, akakaa nao kimya miaka mingi akishona, watoto wakikua, hadi alipolitazama lile bwawa siku moja na kuona kwamba kila alasiri upepo unateremka kutoka upande wa mlima na hakuna mtu anayeutumia.

Kitu kilichonishangaza zaidi ni kwamba hakujua kuogelea. Wala hakutaka kujua. Alikuwa anaogopa maji kabisa, akivuka mto kwa daraja la mbao alikuwa anashika mtu nguo. Nilimwuliza sasa ni vipi. Akasema akiwa kwa boti hayuko kwa maji, yuko kwa upepo. Nilicheka, yeye hakucheka.

Kanisani walimsema. Ati mama mzima, mjane, Jumapili baada ya ibada anaenda kukaa kwa boti kama msichana. Pasta mmoja kijana, mwenye roho nzuri, alijaribu kumsaidia kwa kuhubiri juu yake: kwamba boti ya tanga haiwezi kwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka, inabidi ikate huku, ikate kule, mpaka ifike, na maisha ya Mkristo ni hivyohivyo. Watu wakaitikia amina. Baada ya ibada Fundi alimwendea akamwambia kwa heshima, "Pasta, asante. Lakini hiyo ni boti tu."

Sasa nieleze ile siku ya kilio, kwa sababu kila kitu kilibadilika hapo.

Ilikuwa mwezi wa nane, mahindi yamepita vichwa vya watu. Bwawa liko bondeni, kwa hivyo mtu akiwa barabarani haoni maji wala boti. Anaona ncha ya kitambaa cheupe tu juu ya mahindi, na maandishi ya bluu ya kikundi, upande wa kwa Fundi. Akina mama waliokuwa wanarudi kutoka soko la Misikhu wakaona hiyo ncha. Wakajumlisha haraka: tenti nyeupe, kwa Fundi, na hakuna mtu ametangaza harusi wala msiba. Basi ni Fundi mwenyewe ameenda.

Kwetu mtu haingii kwenye kilio kimyakimya. Unaanza kulia ukiwa bado njiani, ili wenye mji wasikie kwamba umekuja. Basi wakaanza. Wengine wakatoka mashambani wakajiunga bila kuuliza, mmoja na kuni kichwani, mwingine na unga kwenye karai. Sisi tulikuwa katikati ya bwawa, mimi na Fundi, tukisikia jina lake likililiwa kuteremka bondeni. Ati ametuacha na nani. Ati ni nani atatushonea sasa. Ati mama wa mkono mkarimu.

Mimi nilitaka kusimama nipunge mkono. Fundi akanivuta sketi nikakaa.

"Ngoja kidogo, mayi," akasema. "Wacha wamalize hiyo ya ukarimu."

Tulipofika ukingoni walikuwa wamesimama kwenye mstari, mikono kichwani, wanatutazama kama mizimu. Kisha mmoja akaanza kucheka na wengine wakafuata, isipokuwa mzee mmoja aliyekasirika kabisa, akasema kumlilia mtu aliye hai ni kumwitia mkosi. Fundi hakuomba msamaha. Alisema watu waliokuja na machozi hawarudishwi bila chai. Akatazama ni nani ameleta kuni, akamwambia awashe.

Tukanywa chai pale chini, wakataniana sana. Ati Fundi sasa amejua nani atalia na nani atakula tu. Halafu mama mmoja aliyekuwa amekaa pembeni, mtu wa kule Lugulu aliyeolewa kwetu, akaanza kulia tena. Tulidhani ni utani. Haukuwa utani. Mume wake alizikwa wakati wa kiangazi, haraka, kwa sababu hakukuwa na kitu: hakuna tenti, hakuna chakula cha kulisha watu, wageni walisimama juani wakasema pole, wakaenda. Alisema tangu siku hiyo hajalia. Hakukuwa na mahali pa kukaa alie.

Fundi aliweka kikombe chini. Alienda kwa boti akafungua tanga kutoka kwa mlingoti, akatafuta miti ya kusimamisha maharagwe, na sisi tukamsaidia kulitandaza juu yake. Lilitosha watu wachache tu. Alimshika yule mama kiwiko akamkalisha chini ya kivuli hicho. Wengine wakaingia wakaketi naye, wakaanza upya, mara hii wakilia jina la yule mume, na hata yule mzee aliyekasirika alivua kofia. Walimaliza jua likielekea kuzama. Fundi alikuwa ameketi nje, kwenye ukingo wa boti isiyo na tanga, anatazama upepo ukipita bure juu ya maji.

Kuanzia hapo watu walianza kuja kuliomba. Walikuja wale ambao hata tenti moja ya kukodisha ilikuwa imewashinda, na wakati huo walikuwa wengi. Unajua jinsi mambo yalivyokuwa na jinsi bado yalivyo. Mbolea haishikiki, mahindi hayana bei, watu wananunua mafuta ya kupima kwa kijiko, kijana ana cheti na anachunga mbuzi. Hata wateja wangu Kitale walianza kuomba nisuke mbele tu, nyuma wafunge kitambaa. Tenti za kukodisha zikalala kwenye stoo za wenyewe, na tenti inayolala haichaniki, na tenti isiyochanika haimletei Fundi kazi. "Hata kufa kumekuwa bei," alisema siku moja, akifuta mashine ambayo haikuwa na vumbi.

Kwa hivyo kazi ilipungua, na tanga likawa linazunguka kwenye vilio vya watu. Lilikuwa linarudi linanuka moshi, lina matundu ya cheche na alama za mikono ya watoto. Analifua, analishona, analifunga kwa mlingoti, tunaenda mara moja, mtu mwingine anakuja amesimama ukingoni na kofia mkononi. Mimi nilikuwa naona ni jambo zuri sana, namwambia Mungu anamwona. Yeye alikuwa ananitazama.

"Wananimalizia upepo," alisema. Na akalifungua akampa yule mtu, na akamwonyesha jinsi ya kulikunja lisioze.

Alianza kunifundisha kwa bidii wakati huo, kama mtu anayefunga mizigo. Aliniweka nishike kamba, yeye ashike usukani, na kule ng'ambo kwenye mafunjo tukikaribia sana alikuwa anasema "Haya" na anageuza. Nilikuwa na ndoto zangu, bado ninazo: kwamba siku moja tutakuwa na boti nyingi pale, watoto wa Kitale wanakuja Jumamosi, hata ziwani tunaenda. Nilikuwa namwambia zote. Alikuwa anasikiliza mpaka mwisho, halafu ananiambia nishike kamba kwa mikono miwili.

Mkono wake wa kulia ulikataa asubuhi moja akiwa kwa mashine. Alikuwa anasukuma kitambaa, na mkono ukabaki pale juu ya kitambaa kama kitu cha mtu mwingine. Alilazwa, akatoka, na mwanawe anayefanya kazi ya ofisi Bungoma akamchukua. Mwanawe si mtu mbaya. Nilimwona siku ile anapakia godoro, shati limemlowa, anasema mama ameshona vya kutosha, apumzike. Na boti je? Alisema amepata mtu wa kuichukua, mwenye ng'ombe, aifanye hori la kunyweshea. Fundi alikuwa ameketi tayari mbele kwenye gari, anatazama mbele. Sikujua kama amesikia.

Nilikaa na hilo neno hori kwenye kifua kwa majuma mengi. Nilikuwa nasuka mtu kichwa naona ng'ombe wameinamisha midomo kwenye boti yetu. Nilitaka kufanya kitu na sikuwa na kitu cha kufanya. Kisha nikasikia kwamba yule mtu hatakuja tena. Ada za shule zilikuwa zimemkaba, akauza ng'ombe wote, na mtu asiye na ng'ombe ataweka hori la nini. Nilicheka peke yangu pale saluni mpaka mteja akaniuliza nimeona nini. Jumatatu iliyofuata nilienda Bungoma kumpelekea habari.

Nilimkuta kwenye veranda ya nyumba ya kupanga, kiti cha plastiki, leso magotini, mkono umelazwa juu ya mto. Mbele yake kulikuwa na ukuta wa jirani tu, na sare za wajukuu zikikauka. Alikuwa amepungua. Nilimsalimia mulembe, akaitikia, akaniuliza kama nimekula. Nikaketi kwenye sakafu karibu na miguu yake, nikamweleza yote kwa furaha: mtu wa hori ameshindwa, boti iko palepale, tanga liko kwa mji mmoja juu ya barabara walikomzika nyanya yao, na wale watu wanauliza kama wanaweza kukaa nalo liwe la kijiji, kwa kuwa Fundi hayuko.

Nilitegemea atabasamu. Hakutabasamu. Alitazama zile sare.

"Nimechoka, mayi," akasema. "Si ati nimeacha kuipenda. Nimechoka."

Nikasema najua. Nikasema basi niwaambie wakae nalo.

"Kwa nini?"

"Si umesema umechoka."

"Mimi ndio nimechoka. Upepo umechoka?" Alijaribu kusogeza ule mkono kwa ule mwingine, ukateleza, nikamsaidia. "Watu watazikwa hata bila tenti. Nimeona. Hiyo boti bila nguo yake ni hori tu, hata kama hakuna ng'ombe. Enda uchukue."

"Na wakikuja kuomba?"

"Unawapa. Wakirudisha, unaenda. Si ni hivyo tu tulikuwa tunafanya."

Mwanawe alikuwa amerudi kutoka kazini, amesimama mlangoni na koti mkononi, hakutuingilia. Nilimwambia Fundi kitu nilichokuwa nakificha, kwamba sijawahi kushika ule usukani, kwamba naogopa, na nitaenda na nani.

Ndipo akanigeukia vizuri, mara ya kwanza siku hiyo.

"Mimi nilikuwa naenda na nani," akasema, "kabla wewe uingie kwa boti na kuongea hivi?"

Mwanawe akacheka pale mlangoni. Yeye hakucheka. Alifunga macho, na tukakaa hivyo mpaka wajukuu wakaja kutoka shuleni na makelele yao, nikaaga.

Jumatatu nyingine nilipanda kwa ule mji juu ya barabara. Waliniletea tanga likiwa limekunjwa vizuri, linanuka moshi na mboga, na kijana wa pale akaniuliza kama nimeolewa. Nikamwambia bado naangalia. Niliteremka bondeni na mzigo wangu kichwani. Boti ilikuwa imejaa maji ya mvua na majani, nikayachota kwa kikombe hadi mgongo ukauma. Nikafunga tanga kwa mlingoti vile mikono yangu ilivyokumbuka, nikavaa jaketi la magunia, nikaisukuma kutoka kwa tope na kuruka ndani.

Upepo ulikuja ukiwa hauna haraka. Nilipita katikati ya bwawa sijui hata kama napumua. Usukani ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, unatetemeka kama mbuzi aliyeshikwa kwa pembe. Upande wa ng'ambo ukaja, mafunjo yakawa karibu mpaka nikaona ndege mweusi ameinama kwenye unyasi mmoja ananiangalia. Nilisubiri. Halafu nikakumbuka kwamba hakuna mtu wa kusema "Haya".

Nikausukuma usukani mbali nami, nikainamisha kichwa, boti ikageuka, ule mwanzi wa chini ya tanga ukapita juu yangu, nikahama nikaketi upande wa pili.